Mvua ya Kipupwe na Bakuli la Mwanahawa

Siku ya kuniaga, idara ilinizawadia feni. Ilikuwa feni nzuri, ya kusimama, na mgeni rasmi alisema kwenye hotuba yake kwamba sasa nikapumzike nipate upepo, maana nimeitumikia afya ya jamii kwa muda mrefu. Ukumbi ulikuwa wa moto kiasi kwamba karatasi ya hotuba ilikuwa ikimgandia vidoleni. Nilipoanza kazi hapa Mtwara, mwezi wa sita tulilala na blanketi. Hakuna aliyeona kwamba jambo hilo lina uhusiano wowote na feni, na mimi nilikuwa nimepewa muda wa kushukuru, si wa kueleza. Kwa hiyo ninyi wadogo zangu mnaobaki idarani, maelezo ndiyo haya. Vyeo na mishahara nimeviacha, kwa sababu vyeo vilichelewa na mishahara mnaijua wenyewe.

Zawadi ya pili ilitoka kwa mwanamke aliyesafiri kutoka upande wa mdomo wa Ruvuma. Alinipa bakuli la bati lenye maua ya bluu, limechubuka ukingoni. Watu walicheka, nami sikuwalaumu. Mtu akiona feni mpya na bakuli kuukuu kwenye meza moja lazima acheke.

Niliripoti kazini nikiwa binti wa Kiyao kutoka Masasi, na cheti kipya cha afya ya mazingira ndani ya bahasha. Vijijini kazi yetu ilikuwa na jina moja tu: Bwana Afya. Mwenyekiti wa kijiji cha kwanza nilichopangiwa alinipokea vizuri, akachungulia barabarani nyuma yangu, kisha akauliza Bwana Afya amebaki wapi. Nikamwambia ni mimi. Akanipa maji ya kunywa, akasubiri nipumue, halafu akauliza tena. Baada ya siku kadhaa za kushauriana walipata ufumbuzi, wakaniita Bibi Afya. Nilikuwa sijaolewa, na tayari nina wajukuu kijiji kizima.

Vifaa vyangu vilikuwa baiskeli, tochi, na mwanzi mrefu wenye alama za kisu wa kupimia kina cha shimo la choo. Mwanzi ule uliogopwa kuliko polisi. Watu walikuwa wakiuona kwa mbali unakuja juu ya baiskeli, na ukifika unakuta baba mwenye nyumba amepata safari ya ghafla ya shambani, kwenye mikorosho, hata kama korosho zimeshavunwa zamani. Siku hizi mna simu yenye ramani ya vyoo. Wanawakimbia vilevile, ila sasa wanawakimbia kwa takwimu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Nambunga, Bwana Afya wa zamani, mtu mfupi mwenye sauti ya mwadhini. Chuoni nilifundishwa kuanza ukaguzi na choo. Yeye akanipeleka pembeni akasema, "Mwanangu, ukifika kwenye mji wa mtu usianze na choo. Hata wewe ningekuja kwako nikaulizia choo kabla ya salamu, ungenipiga. Anza na kuku. Waulizie kuku wanaendeleaje. Mtu akikueleza habari za kuku wake, atakueleza mpaka habari za tumbo lake." Nilidhani ni uchangamfu wa uzee. Nimeitumia njia hiyo maisha yangu yote.

Mzee Nambunga alinifundisha pia kalenda. Kwake yeye magonjwa yalikuwa na adabu. Kipindupindu huja na masika, malaria huja nyuma yake, na kipupwe ni wakati wa kupumua, kuandika ripoti na kuoza watoto. Ofisini kalenda hiyohiyo ilikuwa ukutani, imepigwa muhuri. Vijijini ilikuwa vichwani mwa wazee, na haikuhitaji muhuri. Kwa hiyo katika kipupwe, shule zikifungwa, ndipo jando lilipofanyika. Ardhi imekauka, mbu wamepungua, vidonda vinapona haraka.

Na yeye ndiye aliyenieleza habari za mabakuli. Vijana wakiingia kumbini, huko porini wanakokaa kufundwa, mama haruhusiwi kwenda wala kuuliza hali ya mwanawe. Anachoruhusiwa ni kupika. Kila siku anapeleka bakuli lake hadi mpakani, kwenye mstari wa majivu uliokatiza njia, na jioni bakuli linarudi. Likirudi tupu, mtoto anakula, mama analala. Likirudi limefunikwa kifudifudi, basi mtoto hayupo tena, na hata hapo mama haruhusiwi kulia kwa sauti mpaka kumbi livunjwe. Mzee Nambunga alisema kuna mwaka afisa mmoja, msomi mwenye haraka, aliposikia kumbini kuna ugonjwa alikwenda na mgambo. Kufika wakakuta majivu tu. Vijana walikuwa wameshavushwa ng'ambo ya mto, mbali na dawa na mbali na mama zao. "Mabakuli yaliyorudi kifudifudi mwaka ule," akasema, "sitaki kuyakumbuka." Kisha akaniulizia habari za baiskeli yangu.

Miaka ikaenda. Kisu cha ngariba tukakiondoa kwa mazungumzo marefu: watoto wakawa wanatahiriwa zahanati, kwa ganzi, halafu wanarudishwa kumbini kufundwa. Ngariba akabaki na jina bila kisu, kama mimi nilivyokuwa mara nyingi na cheo bila dawa. Pengine ndiyo maana tulielewana.

Kilichobadilika bila mazungumzo ni maji. Kule pwani, kuanzia Msimbati kuelekea mdomo wa Ruvuma, visima vilivyokuwa baridi na vitamu vikaanza kuwa na chumvi. Mwanzoni watu walisema ni laana, baadaye wakasema ni gesi, mwisho wakazoea wakawa hawatii chumvi kwenye mboga. Bahari ilikuwa inakuja, polepole, bila kubisha hodi. Watu wakahamia kuchimba visima bondeni, kwenye mashamba ya mpunga, ambako maji yalikuwa bado matamu. Nami nikaandika kwamba bonde likifurika, vyoo na visima vitakutana. Nikajibiwa kwamba bonde hufurika masika tu, na masika tumejiandaa.

Nisiseme ofisi haikujali. Tuliitwa kwenye semina ya mabadiliko ya tabianchi, kwenye ukumbi wa Shangani, hapahapa mjini, ulioelekea baharini. Kiyoyozi kilikuwa kikali mpaka mwezeshaji akaazima kitenge changu cha mabegani. Tulifundishwa kwamba joto linaongezeka. Tulikunywa maji ya chupa, tukakubaliana kwamba jamii ihamasishwe, tukapiga picha. Pale dirishani, bahari ilikuwa imeshakula ngazi ya mwisho ya kushukia ufukweni, na wapiga picha walituomba tusogee ili ionekane vizuri.

Sasa nifike kwenye kipupwe chenyewe. Ni miaka michache tu iliyopita, mwezi wa sita, shule zimefungwa. Mvua ikanyesha. Si manyunyu ya kipupwe tunayoyajua, ni mvua ya kupasua mabati, siku kwa siku. Nikachukua pikipiki ya idara kwenda kijiji kimoja karibu na Ruvuma. Sikitaji jina, wasije wakasema nimewatangaza. Huko mwenyeji wangu kwa miaka mingi alikuwa Mwanahawa, mjane, mkulima wa mihogo, ambaye ukoo wake ulivuka kutoka upande wa Msumbiji enzi za babu yake. Ana mtoto mmoja tu, Sadiki. Na Sadiki mwaka ule alikuwa kumbini.

Nilipofika nikaanza na kuku, kama nilivyofundishwa.

"Kuku wazima?" nikamuuliza.

"Wamenenepa," Mwanahawa akajibu, na hakunitazama.

Nikawaangalia. Kweli, kuku walikuwa wamesimama pembeni ya bonge zima la ugali na hawalitaki. Nikapita nyumba ya pili, hivyohivyo. Ya tatu, kuku kalala ubavuni mwa ugali kama mtu aliyetoka harusini. Katika kijiji ambacho mvua ilikuwa imelowesha mihogo yote iliyoanikwa, kuku walikuwa wanasaza chakula.

Nikarudi kwa Mwanahawa. "Bakuli linarudi zito?"

Akaweka chini mwiko. "Tangu juzi. Anatia vidole viwili tu, anaacha. Na wenzangu vilevile. Bibi Afya, mimi sijakuuliza kitu, na wewe hujaniambia kitu. Lakini ntoto wangu hali."

Akaokota mwiko, akarudi kwenye sufuria. Nami nikarudi kwenye pikipiki.

Kumbi lilikuwa bondeni. Ngariba wao, Mmakonde aitwaye Mzee Chinduli, alilijenga pale kwa sababu ndipo penye kisima kitamu, na kwa sababu kipupwe bonde ni kavu. Alikuwa amefuata kalenda ileile iliyokuwa ukutani kwetu. Mimi nilipita nikaona maji ya mashamba yamepanda mpaka kwenye vyoo vya nyumba za chini, na kule zahanati, tabibu kijana, Daktari Deo, alikuwa tayari ana watu wazima wanaoharisha maji matupu.

Nikapiga simu mjini.

"Kipindupindu mwezi wa sita?" sauti ikaniuliza, kwa huruma kidogo. "Bibi Afya, msimu umeshapita. Dawa za maji tulishazirudisha stoo, na mtunza stoo yuko likizo. Tena usilitamke hilo neno mpaka maabara ithibitishe. Sema ugonjwa wa kuhara."

Nikasema ugonjwa wa kuhara wenyewe haujui kuwa mtunza stoo yuko likizo. Wakasema watalifanyia kazi. Mnajua maana yake.

Kwa bahati, Deo alikuwa na tabia mbaya ya kutorudisha vitu. Kwenye kabati lake kulikuwa na dawa ya kutibu maji iliyobaki tangu masika na pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya kwa mtu anayeharisha. Tukawa na dawa. Tusiyekuwa naye ni mtu wa kuingia kumbini. Mimi ni mwanamke, hapo hakuna mjadala. Deo ni mwanamume, daktari, baba wa watoto wawili, lakini ni mtu wa Kagera na hajawahi kukaa kumbini hata siku moja. Kwa sheria ya pale, yeye bado ni mtoto. Watoto wale wagonjwa walikuwa wanakaribia kumzidi cheo. Deo alitaka tuingie tu. Nikamweleza habari za mgambo na ng'ambo ya mto. Akaanza kufungasha dawa.

Nikaenda mpakani na Mwanahawa na wanawake wengine, na ndoo za maji yaliyotiwa dawa, na mabakuli. Mstari wa majivu haukuwepo tena, mvua ilishaufuta. Hata hivyo wote tulisimama palepale ulipokuwa, vidole vya miguu vimejipanga kama vinaona.

Haruhusiwi mwanamke kuuliza hali ya kumbi. Lakini sisi Wayao na Wamakonde ni watani, na mtani ana ruhusa ya kutukana popote, hata msibani. Nikaweka mikono mdomoni nikaita.

"Mzee Chinduli! Nimesikia umezeeka! Vijana wako wanakushinda mbio za kwenda porini!"

 Kisha majani yakatikisika, mzee akatokea, kanzu imekunjwa kiunoni, matope mpaka magotini. Alikuwa hajalala, macho yake yalionyesha.

"Ninyi Wayao mmezoea ngoma tu," akasema. "Mbio mtazijulia wapi? Wangu wanakimbia usiku kucha na mchana. Nusu ya kumbi wanakimbia. Wengine, ntani, sasa hawawezi hata kuinuka kukimbia."

Nyuma yangu wanawake wakashika ndoo zao. Hakuna aliyeuliza kitu. Hakuna aliyejibiwa kitu.

"Ni uvivu wako," nikasema, na sauti yangu haikuwa ya utani tena ingawa maneno yalikuwa. "Umewanywesha maji ya vyura. Sisi Wayao hata kuku wetu hatuwapi maji ya kisima kile. Kuanzia leo, maji ya kumbi lako yatachotwa na wanawake, yatatiwa dawa, yatakufikia hapa. Ukitumia ya kisimani, nitawaambia Wayao wote mpaka Tunduru kwamba Chinduli alishindwa na vyura."

"Mwanamke hachotei kumbi maji."

"Basi ni ushuru. Mtani wako nakulipa, pokea ushuru wa maji."

Akafikiri. Mtu mzima, mkuu wa mila, analazimishwa kuchagua kati ya sheria mbili zote za mababu. Mwishowe akasema, "Ushuru nitapokea. Ushuru haukataliwi."

"Na humu kwenye mabakuli kuna pakiti. Moja kwa lita moja ya maji safi. Anywe kidogo kidogo, hata akitapika anywe tena. Hata mtoto wa Kiyao anajua kuchanganya."

"Ntoto wa Kiyao anajua kulamba tu."

"Na mnawe mikono. Na vyombo mvioshe."

Hapo Chinduli alinitazama kana kwamba nimemtukana kweli. "Wanaume? Tuoshe mabakuli?"

"Kwa sabuni. Nayo imo."

Akabeba ndoo mbili, akaenda nazo. Sijawahi kuona ngariba amebeba ndoo ya maji, na nadhani naye hakuwahi kujiona.

Siku zilizofuata tulichota maji kutoka kisima cha juu, mbali, mimi nikiyapima kwa kichupa changu cha kupimia dawa mpaka yawe na rangi ninayoitaka. Mabakuli yakawa yanarudi, mengine mazito, mengine mepesi kidogo. Wanawake walikuwa wakiyapokea na kuyapima kwa mkono kabla hawajafunua. Bakuli la Mwanahawa, la bati lenye maua ya bluu, halikurudi.

Siku ya pili pia halikurudi. Tupu lina maana, zito lina maana, kifudifudi lina maana. Lisiporudi kabisa, mila haijasema kitu. Mwanahawa alimuuliza kila bibi wa kijiji, na kila bibi alitazama pembeni. Alikwenda mpakani kabla ya wenzake na kurudi baada yao. Chuoni na kwenye semina za Shangani hakuna aliyenifundisha habari za bakuli lisilorudi. Nilikaa naye jikoni nikamenya mihogo ambayo hakuna aliyekuwa na hamu ya kuila. Niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo kazini, na nawaambia ninyi ili siku ikiwafika msidhani mna kasoro.

Siku ya tatu jioni, mvua ikiwa imeacha, mabakuli yakaletwa mpakani. La bluu lilikuwepo, juu kabisa. Halikufunikwa kifudifudi. Lakini halikuwa zito, wala halikuwa tupu kama linavyokuwa tupu siku zote, lenye alama za vidole na ukoko wa ugali. Lilikuwa safi. Linang'aa. Lina harufu ya sabuni.

Mwanahawa akalishika kwa mikono miwili. Akalitazama ndani, akaligeuza, akalitazama nje. Katika kijiji kile, kinachooshwa na kurudishwa kwa wenyewe kwa heshima namna hiyo ni kitu kimoja tu. Akakaa kwenye matope, bakuli kifuani.

"Wamemuosha," akasema. "Bibi Afya, wameshamuosha."

Nikapita palipokuwa na majivu. Hatua moja, nakiri, mguu mmoja. Nikaita jina la Chinduli bila utani wowote.

Mzee akatokea mbio, kakasirika. "Ntani, rudisha mguu! Nini tena? Si mlisema tuoshe? Tumeosha! Bakuli hili tulilikamata kwa sababu lina ukubwa wa lita, ndilo tunalopimia dawa, wamenyweshwa kumbi zima kwa hili. Mwenye bakuli kaamka leo, kamaliza uji, anadai na wa mwenzie. Sasa mnalia nini? Mkitukuta wachafu mnatukana, mkitukuta wasafi mnalia!"

Nikarudisha mguu. Mwanahawa alicheka na kulia kwa pamoja, matope mpaka kwenye ushungi, na wanawake wakapiga vigelegele ambavyo kwa sheria havikutakiwa kupigwa kabla kumbi halijavunjwa. Chinduli aliziba masikio ili asiwe amevisikia. Mwaka ule hakuna bakuli lililorudi kifudifudi. Matokeo ya maabara yalikuja watoto wakiwa wameshavalishwa kanzu mpya na kurudi nyumbani, na yalithibitisha kwamba lile neno sasa tunaweza kulitamka.

Kuhusu kuandika haya, nilimpigia Chinduli simu kuomba ruhusa. Akasema, "Andika. Ya ndani usiandike, kwa sababu huyajui." Kumbi sasa linajengwa juu, kwenye mchanga, na kila mwaka kabla ya kukata miti ananipigia niangalie mvua kwenye simu yangu. Namwambia simu nayo inakosea. Anasema afadhali tukosee wawili. Kalenda ile ya ukutani ofisini bado ipo. Mtakaoingia chumba changu mtaikuta, na mtupie macho wenyewe muone kama inalingana na dirisha.

Siku ya kuniaga, baada ya feni, Mwanahawa alipanda jukwaani na bakuli limefungwa kwenye kanga. Mshereheshaji, kijana mchangamfu, akalinyanyua watu walione, akaligonga kwa kidole lilie, akampa kipaza sauti.

"Mama, tueleze. Bakuli hili lina nini cha pekee?"

Mwanahawa aliangalia watu, wengi wao wanaume ambao hawajakaa kumbini, na mgeni rasmi akiwa katikati. Mambo ya kumbi hayasemwi mbele ya watoto.

"Limeoshwa," akasema.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nililipokea kwa mikono miwili, na nilikuwa siwezi kucheka.